Kiti cha Kupokea Mahari

Sikuanza kusaidia maskini kwa ajili ya Mungu. Nilianza kwa ajili ya Bonfils.

Niliapa kuwaambia ukweli kila wiki katika safu hii, basi huo ndio ukweli wenyewe, na padri wangu akiusoma shauri yake. Wewe uliyefungia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni Anselme, mtoto wa Bwiza, mkazi wa Kinanira, mbunge kwa miaka mitano. Kwetu Bujumbura mbunge anaitwa Onorabule, na jina hilo likishazoea masikio yako halitoki tena. Mwaka 2020 kiti kikanitoka. Gari likaenda, walinzi wakaenda, simu ikanyamaza. Aliyebaki ni mke wangu Consolate, naye alibaki akinicheka.

Bonfils alikuwa dereva wangu. Mwaka huohuo wa uchaguzi, mto Rusizi ulipofurika Gatumba, aliokoa watu kwa gari langu la kampeni. Kesho yake nikamfukuza kazi. Kwa nini? Subiri, leo siruki kitu.

Baada ya kufukuzwa alipata pikapu kuukuu, akawa anabeba mizigo ya wachuuzi wa mpakani. Sehemu ikibaki nyuma, anapakia watu wa mafuriko bure: wagonjwa, mabati, magodoro, hata maiti. Hana ofisi. Hana hata kofia yenye jina lake. Sasa sikiliza watu wa Gatumba walivyomwita. Onorabule!

Nilisikia kwa masikio yangu haya. Nilikuwa sokoni Mutakura nachagua lengalenga, mchicha wetu, mama mmoja akapiga kelele, "Onorabule amefika!" Niligeuka, tabasamu nimeshalitengeneza, mkono nimeshaunyoosha. Akanipita. Akaenda kumkumbatia Bonfils.

Muuza lengalenga akaniuliza, "Muzee, unanunua ao unaangalia tu?"

Muzee! Mimi niliyesimama bungeni kuomba taa za barabara ya Mutakura! Sawa, taa hazijafika mpaka leo, lakini nilisimama.

Hapo ndipo nilipoanzisha shirika langu, Tuinuane. Bonfils akipeleka gunia moja la unga kwa watu wa mafuriko, mimi napeleka matatu. Akipeleka magodoro, mimi napeleka magodoro na mashuka. Nilifungua atelie ya ushonaji Mutakura, cherehani kumi na mbili, na picha yangu ukutani. Nilichapisha sura yangu kwenye mabegi ya shule ya watoto mia mbili. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda wema nikabaki palepale nasubiri makofi.

"Onorabule," Consolate aliniambia siku moja, "huo wivu utakuvua nguo mbele ya watu."

"Wivu gani? Nasaidia yatima."

"Unasaidia yatima, jicho liko kwa Bonfils."

Nikamkata jicho, nikaenda kuoga.

Haya, sasa tuingie kwenye maji yenyewe.

Katika atelie yangu kulikuwa na binti mmoja, Amélie, yatima wa Gatumba. Mama yake alikufa zamani. Baba yake, fundi wa baiskeli, alichukuliwa na maji siku ile ya mafuriko. Amélie alikuwa na miaka kumi na sita. Akalelewa na shangazi yake Esperance pale Mutakura, na mimi nikamfundisha kazi. Kwa hiyo alipopata mchumba, Loïc, kijana wa gereji Buyenzi, nilijua jambo moja tu. Siku ya mahari lazima mtu akae kwenye kiti cha baba, na mtu huyo ni mimi.

Kweli, Jumapili moja wakaja nyumbani Kinanira, Amélie na shangazi yake, na kesi nzima, yaani kreti, ya Fanta. Mkono mtupu haulambwi. Anayekuja na kinywaji anakuja kuomba jambo kubwa. Nilivaa koti kabla sijatoka sebuleni.

"Tonton Onorabule," Amélie alisema akiwa amepiga goti. Tonton ndiyo mjomba kwetu. "Nimekuya kukuomba kitu. Usinikatalie."

"Mwanangu, mimi nikukatalie?"

"Siku ya mahari, tunaomba ukuwe musemaji wa familia."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Ukabaki wazi.

"Msemaji? Na kwenye kiti cha baba atakaa nani?"

Shangazi Esperance ndiye aliyejibu, tena kwa furaha, bila kujua anachoma. "Tonton Bonfils! Ni yeye alimutoa mu maji. Na we, hakuna mutu anajua kusema kama we. Watu wa siyasa munajua kusema."

Jikoni nilisikia sahani inagonga. Consolate alikuwa anacheka mpaka vyombo vinamtoka mikononi.

Roho iliniuma, jamani. Iliniuma kwelikweli. Atelie yangu! Cherehani zangu! Mimi nipige domo nimesimama, yeye akae apokee ng'ombe! Lakini nikacheka, nikafungua Fanta, nikasema, "Kwa heshima kubwa." Siasa imenifundisha hilo.

*

Msomaji wa mbali pengine hajui mahari yetu inavyokwenda, basi nikufafanulie. Siku hiyo familia mbili hazizungumzi zenyewe. Kila upande una msemaji. Msemaji wa bibi harusi kazi yake ni kukatalia wageni kwa mchezo. Anawaambia wamepotea njia, nyumba hii haina binti, rudini kwenu. Watu wanacheka. Anakataa tena, watu wanapiga makofi. Mara ya tatu analainika, mahari inapokelewa, chupa zinafunguliwa. Nimehudhuria sherehe hizo mpaka nimechoka, na sijawahi kuona msemaji aliyekataa mara ya tatu.

Jumamosi saa tisa mchana, uani kwa Shangazi Esperance, hema lilikuwa limejaa. Upande mmoja sisi, upande wa pili wao, katikati kesi za bia na Fanta walizoleta wageni, hazijaguswa. Na pale mbele, kwenye kiti cha mbao chenye mto, alikaa Bonfils. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, mikono ya koti imemfika kwenye vidole. Watu wanapita wanamsalimia kwa mikono miwili.

"Onorabule, hujambo!"

Nilijibu, "Sijambo." Hawakuwa wananisalimia mimi.

Msemaji wa upande wa Loïc alikuwa Mzee Massoudi, mwenye gereji ile ya Buyenzi, Mwislamu wa siku nyingi mjini, kofia nyeupe, mdomo wa asali. Akasimama na mikro, kipaza sauti cha kuazima.

"Bismillahi. Wenye nyumba, sisi ni mafundi. Kijana wetu gari yake imekataa kuwaka. Tumebadilisha mafuta, tumebadilisha betri, wapi! Tukaambiwa inakosa bujia, ile plagi ya kuwasha moto, na bujia yenyewe iko ndani ya nyumba hii. Tumekuja kuichukua."

Hema lote likacheka. Mimi nikachukua mikro.

"Mzee, umepotea njia. Bujia zinauzwa dukani. Hapa hakuna bujia, hakuna binti, hakuna hata paka jike. Rudini Buyenzi kabla mvua haijawakuta."

Kicheko! Vigelegele! Nilijisikia mbunge tena, nakuambia. Mikro mkononi, watu mbele yangu, na wote wananitazama mimi. Kisha nikaona mama mmoja amemwinamia Bonfils anamwekea Fanta baridi kwenye meza yake ndogo, na Bonfils anamshukuru kwa adabu, na mama anamshika bega. Mimi mbele yangu hapakuwa na hata maji.

Basi shetani akanipiga kofi la mgongoni.

Massoudi aliomba mara ya pili, kwa maneno matamu zaidi. Nikamjibu.

"Mnataka kutoa ng'ombe. Sawa. Mtampa nani? Yule pale?" Nikamwonyesha Bonfils kwa kidole. "Muulizeni yule amezaa nani hapa! Yule ni dereva. Nilimwokota mimi gereji kama yako, Mzee, hana hata viatu. Nilimvisha mimi, nikamlisha mimi. Leo amekaa kwenye mto anasubiri ng'ombe! Binti amefundishwa kazi na nani? Cherehani ni za nani? Siku hizi ukishika usukani tu umekuwa baba wa watu?"

Watu walipiga makofi kuliko mwanzo. Walishikana mbavu. "Aii, Onorabule anajua kucheza!" Hapo walikuwa wanamaanisha mimi. Hata Bonfils alicheka, ameinamisha kichwa, anafuta jasho kwa ule mkono wa koti.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Massoudi alinisogelea, akafunika mikro yangu kwa kiganja.

"Kaka," aliniambia chinichini, "hapo umetia pilipili nyingi. Rudi kwenye mchezo."

Nikamwambia, "Omba mara ya tatu."

Akaomba. Aliomba vizuri, masikini, kwa jina la Mungu na la wazazi waliotangulia. Ua mzima ukasubiri neno langu. Vijana walishika vifungulio vya chupa. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, nilijua Amélie amesimama amevaa imvutano yake, ile nguo ya maharusi, anasubiri kuitwa.

"Sikubali," nikasema.

Kicheko kidogo kilianza, kikafa chenyewe.

"Mahari haipokelewi. Kiti kile kina mtu asiye wake. Mpaka akae baba anayestahili, chukueni vinywaji vyenu."

Ungeona! Wajomba wa Loïc walitazamana. Mmoja akainuka, akajipangusa suruali. Loïc mwenyewe alianza kulichomoa ua la kotini. Kukataa mara ya tatu mbele ya watu siyo mchezo, ni kufukuza. Wakitoka kwenye lile geti na kesi zao, hawarudi, na Amélie hana ndoa tena. Mutakura nzima ingejua kabla jua halijazama.

"Onorabule!" Sauti ya Consolate ilitoka upande wa wanawake. "Acha!"

Sikuacha. Nilikuwa nasubiri Bonfils akasirike. Nilitaka apige kelele, atukane, watu waone ni mtu wa aina gani. Miaka yote hiyo ndicho nilichokuwa natafuta, kumwona Bonfils akikosea mbele za watu.

Bonfils akasimama.

"Watu ya Mungu," alisema bila mikro, "musiondoke. Musemaji anasema kweli. Iki kiti si yangu."

Akawageukia watu wa Loïc.

"Mi nilikuwa dereva tu. Siku ya maji, ile gari ilikuwa gari ya Onorabule. Nilimupigia simu, nikamuambia watu wanakufa Gatumba. Akaniambia: 'Bonfils, enda! Acha kampeni, beba watu!' Ni yeye alinituma. Hata Amélie anajua, nilimuambiaka kutoka zamani. Baba ni yeye. Mi nilishika usukani tu."

Kisha akatoka kwenye kiti, akaupiga mto kuuweka sawa, akanielekeza kwa mikono yote miwili.

Sasa nikuambie kwa nini nilimfukuza, maana sina tena pa kukwepa.

Ni kweli alinipigia simu. Alinipigia mara tatu kutoka Gatumba, gari limeegeshwa juu barabarani. Baba yake Amélie alikuwa amesimama karibu naye, maji yakimfika magotini, na Bonfils alimwambia asihangaike kubeba vitu kwa kichwa, gari linakuja. Yule mzee akangoja gari. Mimi nilikuwa Kinanira mezani, na Consolate kando yangu, nikamkatalia. Bonfils alibishana nami saa nzima. Alipoamua kuliondoa gari bila ruhusa, maji yalikuwa yamefika madirishani. Amélie alikuwa juu ya ukuta wa shule. Baba yake alikuwa amerudi ndani kuchukua cherehani ya marehemu mkewe, na hakutoka.

Nilimfukuza Bonfils kwa sababu gari lilirudi limejaa tope na mabango yangu yameraruka.

Na mtu huyo, miaka yote hii, alikuwa amemwambia mtoto kwamba ni mimi niliyemtuma. Ndiyo maana Amélie aliniita tonton. Ndiyo maana alikuja na Fanta. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya cherehani.

Makofi yalilipuka. Watu walisimama. "Onorabule! Onorabule!" Safari hii wote walikuwa wananitazama mimi. Wajomba wa Loïc walikaa tena, wanacheka kwa kufunguka moyo, wanaambiana kumbe mchezo ulikuwa na mwisho wake mzuri. Mzee Massoudi alishusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi." Upande wa wanawake, Consolate peke yake alikuwa anatazama chini.

Nikaenda kwenye kiti. Nilipopishana na Bonfils, akaniinamia sikioni.

"Kaa tu, patron. Mutoto afurahi leo."

Kaa tu! Ananiambia mimi kaa tu! Nilikaa, na ule mto ulikuwa bado una joto lake. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichopewa. Mimi Anselme, mgawa unga, mgawa magodoro, nilikuwa nimepewa sadaka mbele ya hema zima, na mtoaji hakuwa anasubiri hata asante. Nikimezea, nitakuwa maskini wa Bonfils mpaka kaburini. Kila mtu akiniita Onorabule, itakuwa kwa hisani yake.

Pazia likafunguka. Amélie akatoka, shangazi yake nyuma. Alikuwa mzuri, sitaki kusema uongo, na alikuwa analia huku anatabasamu. Alipiga goti mbele yangu, akaninyooshea glasi ya kwanza, ile ambayo baba akishainywa wengine wote wanafungua chupa zao.

"Baba," alisema. Hakusema tonton. "Kabla hujakunywa, naomba kitu kimoja. Waambie watu wa Loïc maneno yenye ulimuambia Bonfils siku ile kwa simu. We mwenyewe. Nataka wayasikie mu kinywa chako."

Nikaishika glasi, na Mzee Massoudi akaniletea mikro. Nyuma yake Bonfils alikuwa ananitikisia kichwa polepole, kwamba sema tu, sema vile nilivyosema mimi.

Ningeweza. Maneno yalikuwa yameshatengenezwa, matamu, yananingoja. Ningeyasema, ningekunywa, mtoto angeolewa, na mambo yangekwisha. Ndugu msomaji, usidhani ni dhamiri iliyonishika. Ningependa kukuambia hivyo. Nilimtazama Bonfils na ile suti yake ya kuazima, nikaona kwamba hata uongo wake ni mzuri kuliko ukweli wangu, na nikashindwa kuvumilia. Sikutaka chake. Hata hicho sikutaka.

"Nilimwambia hivi," nikasema kwenye mikro. "Nilimwambia: 'Hiyo gari ni ya kutafuta kura, si ya kubeba magodoro ya watu. Waache wangoje. Maji yatapungua yenyewe.'"

Hema lote likaangua kicheko. Walicheka mpaka viti vikarudi nyuma, walipiga mapaja, mjomba wa Loïc alifuta machozi akisema, "Huyu musemaji bado tu anatukatalia!"

Amélie hakucheka. Alinitazama, akageuka akamtazama Bonfils, na Bonfils akafunika uso kwa mikono.

Glasi ilikuwa imeshafika kwenye midomo yangu. Akanyoosha mkono, akainyang'anya.